Masanduku yalifunguliwa mbele ya wote

Jumapili ya leo nakualika tumtafakari mtu ambaye huenda ulimsikia katika somo la historia ukampita haraka: James Chuma.

Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeangukia mikononi mwa wauza watumwa. Mwaka 1861, katika nchi ambayo leo ni Malawi, Dk David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie walikutana na msafara wa watumwa, wakawafungua. Chuma alikuwa mmoja wao. Baadaye alipelekwa Bombay, India, akasoma na kubatizwa huko mwaka 1865. Mwaka uliofuata aliingia bara pamoja na Livingstone.

Usidhani alikuwa malaika. Mwaka 1868 Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, Chuma na mwenzake Abdullah Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa kumfuata. Miezi kadhaa baadaye aliwapokea tena, na tangu hapo hawakumwacha.

Mwanzoni mwa Mei 1873, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Sasa jiweke katika nafasi ya Chuma. Bwana wako amekufa. Pwani iko mbali, safari ya miezi mingi kwa miguu. Mizigo yake yote iko mikononi mwenu. Mngemzika pale pale, mkagawana vitu na kutawanyika, nani angewauliza?

Chuma na Susi waliwaita wenzao wote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya kila mtu, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaorodhesha vilivyomo: fedha kidogo, kofia, saa, dira na vipimo vingine vya safari. Kisha waliukausha mwili juani, wakauzika moyo chini ya mti, wakafunga mwili kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba.

Walitembea zaidi ya kilomita 1,600. Baadhi yao walifia njiani. Walipofika karibu na Tabora, walimkuta Luteni Cameron wa Uingereza, aliyewashauri wamzike hapo. Ushauri huo ungewapunguzia mzigo na lawama pia, lakini walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo wakiwa na mwili na daftari za marehemu.

Je, walishangiliwa? Walilipwa ujira wao na kuachwa waende zao. Livingstone alipozikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili, Wainwright alikuwapo. Chuma na Susi hawakuwapo. Walifika Uingereza baada ya mazishi, wakasaidia kueleza yaliyoandikwa katika daftari zile. Kisha Chuma alirudi Zanzibar, akaongoza misafara ya wamisionari na wasafiri wengine. Alifariki mwaka 1882, akiwa bado si mzee.

Mpendwa, angalia tena lile tendo la kufungua masanduku. Wengi wetu tunadhani uaminifu ni kutoiba tu. Chuma na wenzake walikwenda mbele zaidi. Mahali pasipo na mkaguzi, walijiwekea mkaguzi wenyewe. Hawakusubiri kuulizwa ndipo watafute maelezo. Orodha iliandikwa siku zile zile, mashahidi wakiwapo.

Mtume Paulo, akiwaandikia watumwa wa Kolosai, aliwakataza kazi ya kuwaridhisha watu wanapotazama tu. Chuma, aliyekuwa mtumwa akawekwa huru, alitumika hata baada ya macho ya bwana wake kufumbwa.

Basi wewe unayeshika mfuko wa jumuiya, zihesabu fedha mbele ya wenzako na uandike, hata kama wanakuamini. Fundi, saruji inayofunikwa na plasta Mungu anaiona. Muuguzi wa zamu ya usiku, mgonjwa aliyelala hataweza kukushitaki, lakini umekabidhiwa. Mtunza stoo, usingoje siku ya ukaguzi ndipo upange vitabu.

Wiki hii, liko sanduku ambalo ufunguo wake unao wewe peke yako. Lifungue mbele ya wengine. Na kama umewahi kukimbia wajibu kama Chuma mwaka 1868, rudi. Bwana anayekupokea tena anaweza kukukabidhi mzigo mkubwa kuliko ule ulioukimbia.