Kamalud-Din al-Farisi na Namba 17296

Tukitaja hesabu katika Uislamu wengi wetu humkumbuka al-Khwarizmi tu, tukaishia hapo. Safari hii tumtazame Kamalud-Din al-Farisi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Aliishi Uajemi, nchi ambayo leo ni Iran, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 13 Miladia hadi mwanzoni mwa karne ya 14. Wamongolia walikuwa wameuangusha ukhalifa wa Baghdad mwaka 1258, nao ndio waliotawala. Hata hivyo darsa ziliendelea. Mwalimu wake alikuwa Qutbud-Din ash-Shirazi, mjuzi wa falaki na tiba, aliyefariki Tabriz mwaka 1311. Huyo ndiye aliyemwelekeza kwenye kitabu cha Ibn al-Haytham kuhusu nuru. Al-Farisi alikisherehesha, na kwa kutumia tufe la kioo lililojazwa maji akaeleza jinsi upinde wa mvua unavyotokea.

Lakini mimi hunivutia zaidi kazi yake ya namba. Chukueni 220. Jumlisheni namba zote ndogo kuliko hiyo zinazoigawa bila baki, mtapata 284. Fanyeni vivyo hivyo kwa 284, mtarudi kwenye 220. Wanachuoni waliziita namba zinazopendana. Kanuni ya kuzitafuta iliwekwa na Thabit bin Qurra wa Harran, aliyefariki Baghdad mwaka 901. Thabit hakuwa Muislamu bali Msabii, na Waislamu hawakuona taabu kusoma kwake.

Al-Farisi hakutosheka kuipokea kanuni ile. Alitaka kuithibitisha upya kwa njia yake, basi akaanza chini kabisa: vipi kila namba hujengwa kwa namba tasa, na vipi vigawo vyake vyote huhesabiwa bila kuachwa hata kimoja. Kwa njia hiyo akaonyesha jozi nyingine, 17296 na 18416.

Tuihakiki. 18416 ni 16 mara 1151, na 1151 ni namba tasa. Basi vigawo vyake, ukiitoa yenyewe, ni tisa: 1, 2, 4, 8, 16, 1151, 2302, 4604 na 9208. Jumla yake ni 17296. Nayo 17296 ni 16 mara 23 mara 47. Vigawo vyake ni 19, na jumla yake ni 18416. Hivyo 19 vitafuteni wenyewe, kwa kalamu na karatasi.

Zama zilezile, Ibn al-Banna wa Marrakesh naye aliitaja jozi hii. Ulaya ilimjua nayo Fermat, Mfaransa, aliyeifikia mwaka 1636, ikaitwa kwa jina lake. Hatumtuhumu wizi, maana mtu anaweza kufika mahali bila kujua kuwa mwenzake keshapita. Katika karne hiyo hiyo ya 17, Muhammad Baqir Yazdi huko Uajemi aliifuata kanuni ya Thabit mbele zaidi, akapata 9363584 na 9437056.