Shaaban Robert: Mgane aliyezifunga hadithi zake kwa harusi

MPUNGA ukishavunwa na kupigwa katika bonde la Kilombero, familia zilizohamia mashambani kwa miezi kadhaa hufunga virago na kurejea Ifakara na katika vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa. Ghala likiwa na kitu, mahari hulipika, na kadi za harusi huanza kutembea kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa mpenzi wa riwaya za mapenzi, zile zinazoanza kwa machozi na kumalizika kwa vigelegele, hakuna majira yanayofaa zaidi ya hayo kukaa kivulini na kitabu.

Wengi wa wapenzi hao hudhani kwamba riwaya za namna hiyo ni bidhaa ya juzi, iliyoletwa na magazeti ya hadithi za mfululizo. Marehemu Shaaban Robert hawamhesabu humo kabisa. Huyo wamemwachia mwalimu wa Kiswahili na mtihani wa mwisho wa mwaka. Jina lake huwakumbusha maadili, methali na maswali ya ufahamu. Ni dhuluma ndogo anayofanyiwa mtu mkubwa, kwa kuwa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana katika shule za nchi hii, kimoja ni hadithi ya wakosaji wanaosamehewa na wachumba waliotenganishwa wanaokutana tena, na kimeandikwa na mtu aliyejua kwa uchungu maana ya kumpoteza mwenzi.

Shaaban Robert hakuwa mtu wa Kilombero, wala kazi yake ya ukarani haikumpeleka Ifakara. Alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Asili ya wazazi wake ilikuwa ya Kiyao, kabila la kusini, lakini mwenyewe alikulia katika Kiswahili na kujihesabu Mswahili. Jambo hilo huenda likawagusa watu wa Ifakara kuliko wanavyofikiri. Bonde lao ni la Wandamba, Wambunga na Wapogoro, na baadaye la wageni waliofuata miwa ya Kidatu na reli ya TAZARA. Huko nako Kiswahili ni lugha ambayo wengi wameifanya yao ingawa babu zao walisema nyingine. Lugha yenyewe aliwahi kuifananisha na titi la mama, akaipenda kuliko watu wengi wanavyoyapenda makabila yao.

Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Elimu hiyo, iliyokuwa kubwa kwa Mwafrika wa wakati ule, ilimpatia ukarani katika Idara ya Forodha, kazi aliyoishika hadi mwaka 1944 katika vituo vya pwani, Pangani ukiwa mmojawapo. Mchana aliandika hesabu za bidhaa za watu wengine. Usiku, baada ya kazi, aliandika yake.

Ni katika miaka hiyo ya forodha alipomuoa Amina. Habari zake zimo katika kitabu cha Maisha Yangu, kilichotolewa mwaka 1949, na mwandishi aliona vyema kumpa mahali pa mbele kabisa, kabla ya safari, kazi na siasa. Msomaji anayetarajia kisa cha mapenzi cha aina ya sinema atashangaa. Hakuna barua za siri wala mipango ya kutoroka. Kuna nyumba ya karani wa mshahara mdogo, mke mpole, na mume anayekiri kwamba utulivu wa maisha yake ulitokana na huyo mke. Kisha ugonjwa, kisha kifo. Mume akabaki na watoto wa kulea na akatunga shairi la kumwaga mkewe, shairi ambalo hadi leo husomwa na watu wasiojua lolote jingine kuhusu maisha yake.

Kwa desturi za pwani, kama zilivyo za bara, mwanamume aliyefiwa hasubiri muda mrefu kabla ya jamaa kuanza kumtafutia mke. Shaaban Robert naye alioa tena. Katika maisha yake yote alifunga ndoa mara tatu. Jambo hilo halikumfuta Amina, na hakulificha. Hapo ndipo penye fundisho la ajabu kwa wale wanaodhani kwamba anayeanza upya lazima awe amesahau. Yeye aliyaweka yote mawili katika kitabu kimoja, kaburi na ndoa mpya, bila kuomba radhi kwa lolote kati ya hayo.

Kabla hajatoka kwenye habari za nyumbani, aliwaandikia watoto wake tenzi mbili za wosia: Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Wasomaji wa sasa huona baadhi ya nasaha kwa binti kuwa kali na za zamani, na wana haki. Hata hivyo zisomwe zikikumbukwa kuwa ni maneno ya baba kwa mtoto wa kike aliyefiwa na mama, na kwamba mambo mengi yaliyomo humo, kama usafi, heshima ya unyumba na namna ya kuishi na mume, ndiyo ambayo mama angemfundisha bintiye siku za kuelekea harusi. Baba alijaribu kushika zamu ya aliyekuwa hayupo.

Mwaka 1944 alihamishwa kwenda Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea, na mwaka 1946 akarudi Tanga, alikotumikia ofisi ya jimbo na baadaye ofisi ya upimaji ardhi. Alibaki karani. Wakoloni walimpa nishani ya MBE, akatunukiwa pia zawadi ya fasihi ya kumbukumbu ya Margaret Wrong, akakaa katika kamati zilizosimamia lugha ya Kiswahili Afrika Mashariki. Lakini cheo cha ofisini na mshahara havikulingana na sifa hizo. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, ambazo zilichapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mtu mwenye mahangaiko ya kawaida ya familia, anayejua thamani ya kalamu yake na anayesubiri kwa subira ndefu miswada yake igeuke vitabu.

Katika hali hiyo ndipo alipotoa Adili na Nduguze, mwaka 1952. Kisa chake kinafahamika kwa kila aliyekisoma shuleni, lakini ni vyema kukirudia kama hadithi ya mapenzi na wala si kama swali la mtihani.

Adili ni liwali wa Janibu, chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Anapendwa na raia kwa wema wake. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, aliyefika kukusanya kodi, anagundua jambo la kutisha: kila usiku liwali huyo mwema huwachapa manyani wawili waliofungwa minyororo, kisha hulia na kuwalisha. Mfalme anapomwita ajieleze, inajulikana kwamba manyani hao ni kaka zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walitapanya urithi wao, Adili akawagawia wake. Wakasafiri pamoja baharini, na katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe Adili akampata Mwelekevu, binti pekee aliyebaki hai, wakachumbiana. Wivu ukawawasha nduguze, wakamtosa baharini. Aliokolewa na jini aitwaye Huria, ambaye aliwageuza wakosaji kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Asipofanya hivyo, atachapwa yeye.

Wenye kuzijua hadithi za Alfu Lela u Lela watatambua kwamba mifupa ya kisa hiki imetoka huko. Lakini katika hadithi ile ya kale ndugu wakishasamehewa hurudia uovu wao, na mwisho wake ni kuuawa. Shaaban Robert aliufika ukingo huo akageuza njia. Mfalme Rai anawaombea wakosaji kwa majini, wanarudishiwa umbo la kibinadamu, na safari hii toba yao ni ya kweli. Adili anampata tena Mwelekevu, na riwaya inafungwa kwa harusi, ambamo hata wale waliokuwa manyani hawaachwi nje ya mlango.

Wahakiki wengine wamelaumu mwisho huo. Wanasema ni mtamu mno, na kwamba wahusika wenye majina kama Hasidi na Mwivu ni vinyago vya maadili, si watu. Lawama ya pili ina uzito. Hasidi ni hasidi tangu ukurasa wa kwanza kwa sababu ameitwa hivyo, na Mwelekevu angestahili kupewa zaidi ya kufanya kuliko kupatikana, kupotea na kupatikana tena. Lakini hiyo ya kwanza inasahau nani aliyeandika. Kumwua mkosaji ni rahisi kwa mwandishi. Mstari mmoja unatosha. Kumrudisha nyumbani, akae mezani na ndugu aliyemtosa baharini, ale pilau ya harusi yake, ni kazi ngumu zaidi, na mgane wa Tanga aliichagua hiyo. Katika kitabu chake, binti aliyepotea anarudi. Amina hakurudi.

Mwelekeo huo haukuwa wa kitabu kimoja. Mwaka mmoja kabla, katika Kusadikika, alimweka Karama kizimbani kwa kosa la kutaka kuleta elimu ya sheria, na kesi iliyoanza kama safari ya kifo ikaishia kwa kuachiwa huru, yeye na wajumbe walioteswa kabla yake. Mwaka 1958 aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Huyo alikuwa mwuza vyungu kutoka Fumba, ndoa yake ilivunjika, akaingia mjini bila mali wala nasaba ya kujivunia, na sauti yake ikampa maisha mengine ambayo hakuna aliyemtabiria. Si bahati tu kwamba mwandishi aliyewapa wahusika wake wa kubuni nafasi ya kuanza upya alivutwa na mwanamke wa kweli aliyeitwaa nafasi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa wakulima wa Kilombero, pengine kitabu chake kilicho karibu zaidi na mlango wao ni Utubora Mkulima. Humo mtu aliyerudi kutoka vitani, mwenye kazi nzuri ya mjini Unguja, anaiacha kalamu ya ofisi na kwenda kulima katika kijiji cha Busutamu. Waliomfahamu wanamwona amepotewa na akili. Yeye anaona ndiyo kwanza amezipata. Anayejua magugu ya mpunga, ndege waharibifu na mafuriko ya mto Kilombero anaweza kutabasamu mahali ambapo mwandishi, karani wa maisha yake yote, amelipamba jembe kupita kiasi. Lakini hakuna riwaya nyingi za Kiswahili za wakati ule zilizomfanya mkulima kuwa shujaa anayefaa kupendwa, na hilo si dogo kwa bonde linaloishi kwa jembe.

Shaaban Robert alikuwa mwanachama wa TANU na aliishi kuuona uhuru wa Tanganyika, Desemba 9, 1961. Aliufaidi kwa muda mfupi sana. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, na akazikwa Machui, karibu na mahali alipozaliwa.

Baadhi ya miswada yake ilikuwa bado haijawa vitabu. Sehemu ya pili ya habari za maisha yake iliunganishwa na ya kwanza na kutolewa mwaka 1966. Kufikirika ilifuata mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968, mwandishi akiwa kaburini miaka sita. Miaka miwili baadaye ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza, na ilipokamilika mwaka 1975 treni zilikuwa zikipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, zikishusha walimu, makarani na vijana waliokuja kutafuta ardhi ya kulima.