Abebe Bikila hakuanzia Roma

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nyumba ya Mungu, nikijiandaa kwa mbio zangu za kwanza za kilomita 21, zile za Moshi za kila mwaka. Kabla ya hapo sikuwahi kukimbia zaidi ya kuzunguka uwanja wa shule. Viatu vya mtumba nilivyonunua soko la Memorial vilinibana vidole. Mjomba akanicheka, akasema nivitupe, kwani yule Mhabeshi si alishinda Olimpiki peku? Nikamsikiliza. Kesho yake alfajiri nikashika njia ya vumbi kandokando ya bwawa, na kabla sijafika wanakoanika samaki, mwiba wa mgunga ukazama kisiginoni. Wiki nzima nachechemea. Nikiwa nimekaa tu, ndipo nikamsoma huyo Mhabeshi.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nyanda za juu za Ethiopia, siku ileile ilipokimbiwa marathoni ya Olimpiki kule Los Angeles. Alipofika miaka kama 20 alikwenda Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko akakutana na Onni Niskanen, kocha kutoka Sweden.

Hapa hadithi ya mjomba inaanza kuvuja. Bikila hakuokotwa njiani akapelekwa Roma. Alikuwa askari, anakula kwa ratiba, anakimbia kwa ratiba, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwalimu pembeni ameshika saa. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia hapohapo Addis Ababa mwaka 1960, miezi michache tu kabla ya Olimpiki. Kwa hiyo umbali ule kweli ulikuwa mgeni kwake, ila mazoezi alikuwa nayo ya miaka.

Na viatu? Roma hakupata vilivyomkaa vizuri (kama mimi bana, tofauti ni kwamba nyayo zake zilishazoea peku mazoezini). Wakaamua avue.

Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960 mbio zikaanza. Giza likaingia, askari wakawa wanamulika njia kwa mienge. Mpaka karibu na mwisho alikuwa bega kwa bega na Mmoroko, Rhadi Ben Abdesselam. Sasa, njiani kulikuwa na mnara wa Axum, ambao majeshi ya Mussolini yaliunyakua Ethiopia mwaka 1937 na kuusimamisha mjini Roma. Bikila na Niskanen walishaikagua njia wakapanga: ukifika hapo, ondoka. Akaondoka. Alimaliza kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika marathoni. Tanganyika wakati huo ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Mimi nikifikiria Afrika ya mwaka ule, huo mnara unanigusa kuliko hizo nyayo.

Desemba mwaka huohuo wakubwa wa kikosi chake walijaribu kumpindua mfalme. Bikila naye akakamatwa, kisha akaachiwa.

Mwaka 1964, wiki tano hivi kabla ya marathoni ya Tokyo, alipasuliwa kidole tumbo. Wiki tano! Akaenda, safari hii na viatu miguuni, akashinda kwa saa 2:12:11. Wa pili alikuwa nyuma yake zaidi ya dakika nne, na wakati anafika Bikila alikuwa kwenye majani ananyoosha viungo. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mexico, 1968, mguu uliokuwa na jeraha ulimkatalia na akajitoa baada ya kilomita kama 17. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda. Ni mbio zilezile ambazo John Stephen Akhwari wetu alifika wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Tunamsimulia sana Akhwari, na ni haki, lakini sioni kama yule aliyejitoa alikuwa mwoga.

Machi 1969 akapata ajali na gari yake ndogo ya Volkswagen. Miguu ikapooza, haikurudi tena. Alitibiwa Stoke Mandeville, Uingereza, na mwaka uliofuata akashindana palepale kwa upinde na mishale, ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 akiwa na miaka 41. Maelfu walimzika, mfalme mwenyewe akiwepo.

Kisigino changu kimepona. Fundi viatu wa pale sokoni amevitanua vile viatu kwa kibao na maji ya moto, sasa vidole vinapumua. Naongeza kilomita moja kila wiki, na Jumamosi nimefika kumi na mbili bila kutembea. Mjomba nimemsimulia yote haya. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaniuliza huyo Mmoroko yeye alivaa viatu gani.