Sinan, Msanifu Aliyejenga kwa Amana

Hapa Nyalikungu wilayani Maswa, kama ilivyo katika miji mingi midogo, waumini huchangishana kwa miaka kadhaa ili wajenge msikiti. Mara nyingi swali la kwanza huwa ni ukubwa wa kuba. Maisha ya Sinan, msanifu majengo mkuu wa Dola ya Uthmaniya, yanatufunza kutanguliza maswali mengine.

Sinan alizaliwa takriban mwaka 1490 karibu na Kayseri, katika Uturuki ya leo, kwa wazazi Wakristo. Akiwa kijana alichukuliwa na dola kwenda jeshini, akasilimu, akajifunza useremala. Kwa miaka mingi alikuwa askari na fundi. Katika vita vya mwaka 1538 alijenga daraja juu ya mto Prut kwa siku 13 tu. Sultani Suleiman alipomfanya Mkuu wa Wasanifu, wakati huo huo wa vita hivyo, umri wake ulikaribia miaka 50. Aliishika kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1588.

Somo la kwanza ni hesabu. Msikiti wa Suleimaniya jijini Istanbul ulijengwa kati ya 1550 na 1557 na maelfu ya mafundi, Waislamu na Wakristo. Daftari zilizoandikwa mafundi hao na ujira wao zimehifadhiwa hadi leo. Sultani alikuwa na hazina, na bado kila siku ya kazi iliandikwa. Sisi tunaojenga kwa sadaka ya mjane na mkulima wa pamba, je, kamati zetu zaweza kufungua daftari ya mwaka jana mbele ya waumini?

Somo la pili ni msingi. Istanbul ni mji wa matetemeko, na misikiti yake mikubwa ingali imesimama. Kwetu, udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta uliowekwa juu yake kwa haraka hupasuka nao. Fedha ya kumlipa mtaalamu apime ardhi na kuchora ramani si israfu. Ni kulinda mali ya wakfu.

Somo la tatu ni manufaa. Mafuriko ya mwaka 1563 yalipobomoa madaraja ya kupitishia maji ya Istanbul, Sinan aliyajenga upya. Pembeni mwa Suleimaniya palikuwa na madrasa, hospitali na jiko la kuwalisha maskini. Msikiti usio na kisima wala darasa haujakamilika, hata kuba lake likimeta.

Msikiti wa Selimiye mjini Edirne, alioukamilisha mwaka 1575 akiwa na zaidi ya miaka 80, aliuhesabu kuwa kilele cha ufundi wake. Ule wa Suleimaniya aliuona kuwa hatua ya njiani tu. Aliacha wanafunzi walioendeleza kazi.

Kaburi lake ni dogo, kwenye kona nje ya Suleimaniya, na ubavuni mwake pamejengwa mahali pa mpita njia kunywa maji. Aliyewajengea masultani alijiachia sadaka yenye kuendelea. Nasi tujiulize, kabla ya kunyanyua kuba, tutaacha nini chini yake.