Kynaston Studd, Ndugu Aliyebaki Nyumbani

Habari za Charles Studd, aliyekwenda Uchina, akagawa urithi wake, na hatimaye akaenda Kongo, zimesimuliwa mara nyingi. Leo twapenda kumkumbuka kaka yake, Kynaston, ambaye hatajwi sana.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1858. Baba yao, tajiri aliyepata mali yake katika kilimo cha nili huko India, aliokoka kwa mahubiri ya Mmarekani D. L. Moody, akafariki mwaka 1877. Kynaston na wadogo zake George na Charles walikuwa hodari wa kriketi, mchezo ule wa gongo na mpira mdogo mgumu ambao huenda wazee wetu wa Murgwanza waliusikia kwa wamisionari wa Australia. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge walipokezana unahodha: George mwaka 1882, Charles 1883, na Kynaston 1884, ingawa yeye ndiye mkubwa wao.

Charles alipotangaza kwamba aenda Uchina, nyumba iliingia majonzi. Yeye alikuwa mikutanoni kila jioni; aliyemwona mama yao mjane akihuzunika ni Kynaston. Usiku mmoja akamwendea mdogo wake, akamweleza wazi kwamba anakosea na kwamba anamwumiza mama. Ni neno gumu hilo kati ya ndugu waliookoka. Walipiga magoti pamoja, wakaliweka jambo mbele za Mungu, na Februari 1885 Charles akasafiri. Sisi hatumlaumu Kynaston. Aliyebaki na mama ndiye ayaonaye machozi yake.

Mwaka huo huo Kynaston akaanza kazi katika Polytechnic ya Quintin Hogg, mjini London, ambapo vijana wafanyakazi walijifunza ufundi, wakasoma Biblia na kucheza michezo. Hogg alipofariki mwaka 1903, Kynaston akawa rais wa chuo. Chama cha wakimbiaji cha hapo ndicho kilichopewa kuandaa marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 1908, kilometa 42 na mita 195, umbali ule ule aliokuja kuumaliza John Stephen Akhwari wetu, mguu umefungwa bendeji, kule Mexico mwaka 1968.

Mwaka 1928 Kynaston alifanywa Mstahiki Meya wa Jiji la London kwa mwaka mmoja, na mwaka 1930 rais wa chama kikuu cha kriketi cha Marylebone. Siku alizovaa mkufu wa umeya, Charles alikuwa Ibambi, Kongo, katika nyumba ya nyasi, mzee na mgonjwa, baada ya miaka mingi mbali na mkewe. Alitafsiri Agano Jipya katika Kingwana, Kiswahili cha huko, akafariki tarehe 16 Julai 1931.

Kynaston aliendelea na vijana wake wa Polytechnic. Alikuwa bado rais wao alipofariki tarehe 14 Januari 1944, mwenye umri wa miaka 85.