Bibi Titi Mohamed: Kutoka ngoma ya Bomba hadi kizimbani

ALIPOFARIKI dunia Novemba 5, 2000, mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa amepelekwa kwa matibabu, Bibi Titi Mohamed alikuwa ameishi karibu miaka 30 nje ya siasa ambazo yeye mwenyewe alizisimamisha. Vijana wengi wa wakati huo walilijua jina lake kwa sababu ya barabara tu.

Alizaliwa Juni 1926 jijini Dar es Salaam, katika familia ya Kiislamu. Elimu yake ya darasani ilikuwa fupi, haikuvuka darasa la nne, na kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule aliozwa akiwa bado msichana mdogo. Kilichomtambulisha mjini kilikuwa sauti yake. Aliimba katika Maulidi, kisha akawa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mtu asiyeujua mji huo anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Vikundi vile vilikuwa na viongozi, michango, sare na ushindani mkali, na aliyeviongoza alikuwa amekwishajifunza kukusanya watu, kusuluhisha ugomvi na kusimama mbele ya umati bila haya.

TANU ilipoanzishwa Julai 1954, mumewe, Boi Selemani, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kujiunga, kadi namba 15. Bibi Titi akachukua kadi namba 16. Aliyewafikishia kadi hizo alikuwa Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa siasa za Dar es Salaam.

Mwaka uliofuata, Juni 1955, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alitembelea Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU wako wapi wanawake wa chama chao. Walikuwa hawana jibu la maana. Bibi Titi akatafutwa haraka, na Julai mwaka huo wanawake wapatao 400 wakakutana katika ukumbi wa Arnautoglu na kumchagua kuongoza tawi lao. Pamoja na wenzake kama Tatu binti Mzee alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe na kwa mama wauza vitumbua. Hakuwa na gari wala ofisi, lakini mtandao wa wanawake ulikuwapo tayari. Alichokifanya ni kuugeuza uwe chama. Kufikia Oktoba 1955, katika barua yake kwenda London, Oscar Kambona aliripoti kuwa mwanamke huyo amekwishaandikisha wanachama wa kike 5,000 ndani ya miezi mitatu. Jina la Kambona litakutana tena na la Bibi Titi, mahali pabaya.

Si kwamba wanawake wa Tanganyika walikuwa hawajawahi kuikabili serikali. Miaka kumi kabla, katika Wilaya ya Upare ya wakati ule, iliyoanzia milima ya Usangi hadi Suji na Same, wananchi waliigomea kodi ya mbiru. Wanaume walipiga kambi Same kwa maelfu mwaka 1945, na mwaka 1946 akina mama wa Usangi wakajitokeza kumkabili mtawala wa Kiingereza. Kilichokosekana ni chama cha kuziunganisha hasira za namna hiyo nchi nzima.

Yapo mazingira yaliyomsaidia. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, hivyo wasomi wengi wa kiume walikaa pembeni kwa kuhofia ajira zao. Muuza vitumbua hakuwa na ajira ya kunyang'anywa. Wapo waliozificha kadi zao wasijue waume zao. Bibi Titi alisafiri na Mwalimu Nyerere mikoani, na jukwaani alizungumza Kiswahili cha mtu wa Pwani kilichoeleweka kuliko hotuba za wasomi.

Uhuru ulipopatikana aliingia Bungeni, akawa naibu waziri aliyeshughulikia maendeleo ya jamii, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mambo yalianza kumwendea kombo katika uchaguzi wa 1965, alipopoteza kiti chake cha Rufiji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamaliza kazi. Sharti lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha lilimgusa moja kwa moja, naye akaona ni heri kujiuzulu. Ni vigumu kumlaumu sana. Mwanamke asiye na cheti cha shule, aliyekwishaona ubunge unavyoponyoka, alikuwa na nini kingine cha kumtunza uzeeni?

Oktoba 1969 alikamatwa. Kesi ya uhaini, ya kwanza katika nchi huru, ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Georges. Kizimbani alikuwapo waziri wa zamani, Michael Kamaliza, pamoja na maofisa wa jeshi. Bibi Titi alikuwa mwanamke pekee. Aliyedaiwa kuwa kinara wa njama hizo, Kambona, alikuwa uhamishoni London. Shahidi mkuu wa upande wa mashitaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Mwaka 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alishikilia kuwa hakuhusika.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe. Msamaha, hata hivyo, si kufutiwa hatia, na watu walilielewa hilo. Marafiki wa zamani walijitenga naye, na historia ya chama ikasimuliwa kana kwamba akina mama wale 5,000 walijiandikisha wenyewe. Ilichukua hadi mwaka 1991, taifa lilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, kwa gazeti la chama tawala kumtaja tena miongoni mwa mashujaa.

Barabara yenye jina lake inapita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, jirani na ukumbi wa Arnautoglu.