Grace Hopper, bibi aliyeifundisha kompyuta maneno

AL QUSAIS, DUBAI

Jirani yangu mmoja hapa Al Qusais, kijana wa Tanga, juzi alikesha na programu ya COBOL iliyogoma baada ya kuhamishiwa kwenye kompaila nyingine. Jina ambalo mwandishi wa zamani aliipa hesabu yake, kompaila mpya ililiona kuwa ni neno lake yenyewe, ikalikataa. Dawa ilikuwa chaguo moja tu katika amri: kulizima neno hilo. Kompaila ya GnuCOBOL inaruhusu hivyo. Ugomvi huu wa maneno, ndugu msomaji, una bibi yake.

Grace Hopper alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, akapata udaktari wa hisabati Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934. Jeshi la Majini la Marekani lilimwona mwembamba mno, lakini aliingia kwa ruhusa maalumu mwaka 1943 na kupelekwa Harvard kwenye mashine ya Mark I.

Mwaka 1952, akiwa Remington Rand, alitengeneza A-0, ambayo wengi huihesabu kuwa kompaila ya kwanza. Kisha akataka watu wa biashara waandike programu kwa maneno ya kawaida badala ya alama za hisabati. Mashine haijui lugha ya mtu, inalinganisha herufi tu. Kuthibitisha hilo, aliwaonyesha wakubwa wake programu ileile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wakashtuka! Kompyuta ya Kimarekani ielewe Kijerumani? Ilimbidi atumie miezi kuwahakikishia kwamba itabaki na Kiingereza. Sisi wa Kiswahili tunaweza kukisia ni mlango gani ulifungwa siku zile.

Lugha yake ya FLOW-MATIC iliichangia sana COBOL, iliyoanza kutungwa na kamati mwaka 1959. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kampuni zikaongeza maneno yao wenyewe, na mteja aliyeyazoea hakuweza kuhama bila kuandika upya. Jeshi likamrudisha Bi. Hopper kazini mwaka 1967, hata mwaka haujatimia sawasawa tangu astaafu. Kikosi chake kiliandika programu za kuzipima kompaila za wauzaji, zipi zinafuata kweli kanuni za COBOL na zipi zinadai tu.

Alistaafu Agosti 1986 na cheo cha uadmirali, akiwa na miaka 79. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington. Manowari yenye jina lake, USS Hopper, ilianza kazi mwaka 1997.